Ukurasa wa Nne

Kijiwe chao kiko nyuma ya lango la mizigo, pale uzio wa uwanja wa ndege unapokata kona, na benchi lake si la mbao kama mabenchi ya watu wengine. Ni viti vitatu vya ndege iliyokatwakatwa zamani ikauzwa vyuma, vimeshikana mkono kwa mkono, kitambaa kimepauka, lakini mikanda bado inafunga. Cha pembeni huitwa cha dirishani, ingawa dirisha lenyewe lilikwenda na ndege, na hicho ni cha Kapteni, dereva wa teksi ambaye hajapanda ndege hata moja tangu azaliwe na kwa sababu hiyo hakuna swali la urubani linalomshinda. Cha kati ni cha Nusu Saa, fundi wa saa. Ukimpelekea saa yako atakuambia zunguka nusu saa urudi, na wapo watu wanaozunguka tangu mwaka juzi. Cha tatu ni cha Bahasha. Mbele yao, kwenye kigoda, hukaa Bi Birika na jiko lake na kahawa yake, na yeye ndiye serikali ya pale. Asubuhi ya siku tunayoisimulia ukungu ulikuwa umeshuka na kuukalia uwanja mzima. Ndege hazionekani, mnara hauonekani, hata uzio wenyewe unaonekana nusu. Hakuna kilichokuwa kinaruka, na pasiporuka kitu watu hunywa kahawa.

Bahasha alipewa jina na kazi yake. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa akichukua makaratasi ya safari kutoka ofisini, ukurasa wa hali ya hewa, wa mafuta, wa uzito, wa njia, akayatia kwenye bahasha ya kaki, akavuka uwanja kwa miguu na kumkabidhi rubani mkononi. Rubani husoma, hutia saini, Bahasha hurudi na nakala. Ni mwembamba, mwepesi wa mguu, na njia yake hupita kando ya uzio, hivyo kijiwe humwona akienda na akirudi. Isipokuwa zile siku magoti yanapomshika. Siku hizo huburuta mguu, hatua moja na pumzi mbili, mpaka Nusu Saa anapiga miayo kwa niaba yake. Kesho yake utamkuta buheri wa afya, kana kwamba magoti yale aliazimwa.

– Magoti yako yana kalenda yao – Kapteni alikuwa akimwambia hata asubuhi hiyo. – Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikwambia upake mafuta ya kuchua, hukusikia.

– Leo hayaumi.

– Hayaumi kwa sababu huendi kokote. Ukungu ni dawa.

Juma lile kijiwe kilikuwa na mtu mmoja zaidi. Alikuwa binti wa miwani, kaajiriwa na shirika la ndege kuunda programu ya marubani: kazi yote ya bahasha iingie kwenye tableti, rubani afungue, asome, abonyeze, aondoke. Walimwita Mchoraji, kwa kuwa kabla ya kuingiza chochote kwenye kompyuta alichora kila kioo cha tableti kwa penseli. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mapajani ana rundo la karatasi alizopewa na Bahasha mwenyewe, karatasi za ofisini zisizotumika. Siku tatu alikuwa amemfuata Bahasha nyuma nyuma, akiuliza na kuandika, na alimwita mjomba. Angekuwa mwenye dharau, Bahasha angejua la kufanya naye. Lakini hakuwa na dharau. Alikuwa akimshikia bahasha upepo ukivuma, na hilo ndilo lililomnyima Bahasha usingizi.

– Haya wazee wangu – Mchoraji alisema, akiinua karatasi moja juu. – Nina kikao saa tano na kamati ya marubani. Wakipitisha leo, mwezi ujao safari zote zinaingia kwenye tableti. Vioo vyote vimekamilika, kimebaki cha mwisho.

– Tuoneshe – Nusu Saa alisema. – Mimi fundi, nitakuambia penye kutu.

– Rubani ameshasoma kila kitu. Hewa, mafuta, uzito, njia. Hapa mwisho anakuta kitufe kimoja tu kimeandikwa NIKO TAYARI. Akikibonyeza, ndege ni yake. Sasa hawa wa majaribio wanakibonyeza mbio mbio. Nimewapima, sekunde moja! Kama mtu anayefukuza nzi. Kamati inauliza, nifanye nini wakibonyeze kwa moyo?

Kijiwe kilijiweka sawa vitini kwa heshima. Si kila siku mtu anakuja na swali la kazi rasmi, tena linalosubiriwa na kamati. Bi Birika akamimina duru ya kwanza, Kapteni akafunga mkanda wake, ishara kwamba ana hoja ndefu.

– Kitufe hicho ni chepesi, ndiyo kasoro – Kapteni alianza. – Mlango wa teksi yangu ukitaka kuufunga lazima uuinue kidogo, uusukume na bega, halafu useme bismillahi. Abiria wangu wote wanajua wamefunga mlango. Wewe weka kitufe kigumu. Rubani akibonyeze kwa mikono miwili, na msaidizi wake amsukume mgongoni.

– Kioo cha tableti hakina uzito, kaka.

– Kiwekee! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana hata ndege huinama ikitaka kutua.

Mchoraji aliandika pembeni kwa adabu: *kitufe kizito*. Bahasha alitazama penseli ile ikitembea. Alijua upande wa pili wa karatasi ile una nini, maana zote alizompa zilikuwa za aina moja, rundo zima la ukurasa wa nne.

Na hapa lazima nikuambie habari ya ukurasa wa nne, maana bila hiyo utadhani Bahasha alikuwa mzee mkimya tu anayekunywa kahawa. Katika kila bahasha, baada ya hewa, mafuta na uzito, na kabla ya njia, kuna ukurasa hauna kitu. Katikati yake pamechapwa mstari mmoja: *Ukurasa huu umeachwa wazi kwa makusudi.* Nani aliuacha, kwa makusudi gani, hakuna aliyewahi kueleza. Ulikuwepo tangu enzi za taipureta na ukaendelea kuwepo. Jumatatu, Mchoraji alipoupitia, aliucheka kidogo. – Mjomba, huu nimeufuta, hauna kitu – alisema, na Bahasha akajibu – Sawa – na tangu Jumatatu alikuwa akilijutia neno lile.

– Tatizo si uzito – Nusu Saa alisema, akiigeuza saa ya mtu isiyo na mishale. – Tatizo ni wakati. Kitufe kinakuja kimeiva. Wewe kilete kibichi! Kianze cha kijani, rubani akitazame, kikae, kikae, kigeuke njano, ndipo kibonyezeke. Mvumilivu hula mbivu.

– Kikae muda gani?

– Nusu saa.

Bi Birika alicheka mpaka kahawa ikamwagika jikoni, ikafanya moshi mdogo uliokwenda kuungana na ukungu.

– Abiria watakuwa wamezeeka ndani! – alisema. – Halafu ndege ikifika, vitambulisho vyao havifanani nao tena.

– Wewe cheka. Haraka haraka haina baraka, na ndege ina haraka kuliko vitu vyote duniani. Piga hesabu mwenyewe baraka zake ziko wapi.

– Ziko kwenye mizigo – Kapteni alisema. – Kwenye mizigo kuna kila kitu.

Bahasha alitabasamu, lakini hakuingia mazungumzoni. Mawazo yake yalikuwa yamerudi nyuma miaka mingi, kwa rubani mmoja mkongwe aliyepokea bahasha siku moja akiwa amevaa vizuri, kofia iko sawa, mkono umetulia. Macho tu ndiyo hayakutulia. Alipekua kurasa, akatoa ule wa nne, akamrudishia. – Bahasha – alisema polepole – ukurasa wa nne haukuchapika vizuri. Bahasha akautazama, mweupe kama siku zote. Akafungua kinywa aseme, akayaona tena yale macho, akakifunga. Alirudi ofisini na ile karatasi bila haraka, kwa kuwa hakujua akifika aseme nini. Mkuu wa zamu wa enzi hizo aliutazama ukurasa mtupu, akamtazama Bahasha, halafu akainua simu akamwita rubani wa akiba. Hakuuliza. Kwenye daftari akaandika: *kuchelewa, sababu karatasi*.

Tangu hapo marubani, na wakuu wa zamu pia, waliambizana bila kuambizana. Katika miaka ishirini na saba, ukurasa wa nne ulirudishwa mara kumi na moja. Mmoja alikuwa amezika wiki ile. Mmoja homa ilikuwa inapanda na hakutaka kuonekana dhaifu. Wengine Bahasha hakujua walikuwa na nini, wala hakutaka kujua, maana kutouliza ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Kila mara aliburuta miguu ili rubani apate dakika za kukaa peke yake na kuamua, na ili mkuu wa zamu, akimwona dirishani anakuja hivyo, awe ameshashika simu. Na kila mara daftari lilisema lawama ni ya karatasi. Ndiyo sababu shirika lilitaka programu. Wakubwa walihesabu ucheleweshaji, wakaona karatasi zinachelewesha ndege, wakamwita Mchoraji. Bahasha alipoambiwa hivyo hakujua acheke au alie.

Angeweza kumwambia. Lakini ile ilikuwa siri ya watu kumi na mmoja, si yake. Halafu palikuwa na lile jingine, dogo na chungu, ambalo alilionea aibu: akimwambia, Mchoraji ataliingiza nalo kwenye tableti, na hapo Bahasha atabaki na nini? Asipomwambia, huenda programu ikajikwaa, na bahasha ya kaki ikaishi. Alijikuta anaombea ijikwae. Ndege ijikwae! Mzee mzima, na watu wamo ndani. Alikunywa kahawa yake yote kwa mkupuo mmoja ili asiendelee kuwaza.

– Nyote mmekosea – Bi Birika alisema, na serikali ikisema watu hukaa sawa. – Mnauliza kitufe kiweje. Hamuulizi mtu kaamkaje. Mwanangu, andika hivi: kabla ya kitufe, tableti imuulize rubani jana usiku ameota nini.

Penseli ya Mchoraji ilisita, kisha ikaandika.

– Aliyeota anaanguka asiruke. Aliyeota maji, apewe safari fupi. Aliyeota marehemu anamwita, arudi nyumbani akalale tena, aote upya.

– Na ambaye hakuota?

– Huyo ndiye wa kuogopa – Bi Birika alisema. – Mtu asiyeota hajalala.

Ukungu ulikuwa umeingia mpaka katikati yao sasa. Kapteni alionekana mabega na kofia, mikono yake imezama. Labda ndiyo sababu watu walianza kusema mambo ambayo siku ya jua hawayasemi.

– Mimi huota – Kapteni alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. – Kila wiki. Naendesha teksi, niko kwenye ule mzunguko mkubwa wa barabara, nazunguka, nazunguka, kutoka siwezi. Mara magurudumu yananyanyuka. Polepole, bila kelele. Abiria nyuma hawajui, wanaongea habari zao. Naona mapaa ya nyumba, naona nguo zilizoanikwa. Na sina woga hata chembe. Nawaambia, jamani, tunaruka. Wananijibu, shika kushoto hapo mbele.

– Unashika kushoto?

– Nashika. Huko kushoto kuna mwanga sijapata kuuona. Halafu naamka.

Nusu Saa aliiweka chini ile saa.

– Mimi huota saa zote nilizochelewesha zinalia pamoja – alisema. – Si kwa hasira. Zinalia kama ndege wa asubuhi. Na wenyewe wamekuja kuzichukua, wamepanga foleni, wananisalimu vizuri. Naona haya, lakini haya tamu.

– Mimi namimina kahawa – alisema Bi Birika. – Niko juu, huko juu, namimina kwa watu walio chini na kila tone linaingia kwenye kikombe chake. Birika haliishi. Na wewe, Bahasha?

Bahasha aliota kila mara kitu kimoja: anavuka uwanja na bahasha mkononi, uwanja hauna mwisho, ndege iko palepale mbali, na yeye hachoki. Lakini alisema tu:

– Mimi naota natembea.

– Na magoti?

– Huko hayaumi.

– Ndoto zote hizi programu itaziweka wapi? – Mchoraji aliuliza, nusu akitania, macho yamelegea kwa usingizi wa hewa ile.

– Mawinguni – Nusu Saa alisema. – Si ndiko mnakoweka vitu vyenu siku hizi? Na mimi nakwenda mbali zaidi. Kwa nini aulizwe rubani? Anayeruka ni nani, rubani au ndege? Rubani amekaa! Iulizwe ndege yenyewe kama iko tayari. Kitufe kiwe kwenye pua yake, ijibonyeze.

– Na winguni pia wapige hodi – Kapteni alidakia, amerudi kwenye enzi yake. – Kwanza huu ukungu mnauonaje? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukungu unaelea. Basi kuna mtu kauunda! Kuna mtu hataki kikao cha saa tano kifanyike. Mchoraji, una adui?

Ndipo akatokea mgeni. Hawakumwona akija, walimwona amefika tu, mwanamke bado kijana, koti refu limefungwa vifungo hadi shingoni, viatu vyeusi vimeng'arishwa, mkononi begi dogo la magurudumu. Alisalimu, akaomba kahawa. Kijiwe kikamchukua kuwa abiria aliyekwama, na Bahasha, kwa kuwa yeye ndiye mwenye adabu, akainuka akampisha kiti chake.

– Usiogope ukungu, dada – Kapteni alimwambia. – Ndege ikikuchanganya niulize mimi. Unaposikia inanguruma sana, ujue hapo ndipo inapobadilisha gia.

– Ahsante – mwanamke alisema.

– Sisi hapa tunaunda programu ya marubani – Nusu Saa aliongeza kwa fahari, kama vile jambo hilo lilikuwa limekabidhiwa kijiwe tangu mwanzo. – Tumebakiza kitufe. Hebu muoneshe, Mchoraji. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Mchoraji akampa ile karatasi. Mwanamke aliipokea kwa mikono miwili akaitazama muda mrefu, kikombe chake kinapoa kwenye mkono wa kiti. Bahasha alimtazama yeye. Aliiona mikono iliyotulia. Aliona macho mekundu pembeni ambayo hayakutulia. Halafu akamjua, kwa kuwa kukosa kofia tu ndiko kulikokuwa kumempoteza: alikuwa rubani msaidizi, mpya, miezi sita kazini, mmoja wa wale wa majaribio ya tableti. Bahasha hakupata kumpelekea karatasi zaidi ya mara mbili. Hakuna aliyewahi kumweleza habari ya ukurasa wa nne, kwa sababu bado alikuwa mgeni, na kwenye tableti ya majaribio haukuwemo.

– Kizuri – mwanamke alisema mwishowe. – Kinaonekana vizuri. Na asiye tayari, anabonyeza wapi?

Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

Kapteni akafungua kinywa. Mtu ambaye hajawahi kukosa jibu alikaa na kinywa wazi, kisha akakifunga, na mkanda akaufungua. Mchoraji aliinama akaanza kupekua karatasi zake, kioo cha kwanza, cha pili, cha tano, cha tisa, akarudi mwanzo, akaacha.

– Hakuna – alisema taratibu. – Sikuweka. Hakuna aliyeniambia… – na hakumaliza, uso umemuwaka kwa aibu.

Bahasha alisimama palepale. Aliijua ile aibu usoni pa Mchoraji kuwa ni yake yeye, imekaa kwa mtu mwingine. Siku zote hizi amemwacha hajui. Na sasa mtu wa kumi na mbili alikuwa ameketi kwenye kiti chake, amekuja mpaka huku nyuma ya lango la mizigo kutafuta mlango, na mlango umefutwa, na aliyeona ukifutwa ni yeye. Bahasha ya kaki iende zake. Kazi iende zake. Aliinama karibu na yule mwanamke, magoti yake mazima yakikunjika bila shida, akasema kwa sauti iliyowafikia watu wawili tu, mwanamke mwenyewe na binti wa kwenye ndoo.

– Rubani, habari za kazi. Ukurasa wenu wa nne haukuchapika vizuri.

Mwanamke alimtazama bila kuelewa.

– Safari yetu ni ya tableti, mzee. Haina karatasi.

– Leo inayo moja. Nitaupeleka kwa mkuu wa zamu. Nikimwambia kwamba ni ukurasa wa nne, yeye anajua, anamwita mtu wa akiba. Haandiki jina lako wala hakuulizi kitu. Ataandika karatasi zimechelewa. Mimi mwendo wangu wa taratibu, nitachukua kama nusu saa kufika. Ukiona uko sawa, njoo unipite njiani uniambie. Ukiona huko sawa, kaa hapo unywe kahawa.

Mwanamke alichukua kikombe kwa mikono miwili na kukishika hivyo hivyo.

Bahasha akamgeukia Mchoraji akanyoosha mkono. Chini ya michoro palikuwa pamebaki karatasi moja safi.

– Nipe hiyo.

– Mjomba, hii nilikuwa nimeiweka ya kuchorea upya kioo cha mwisho – Mchoraji alisema. Kisha akaigeuza, akausoma ule mstari mmoja katikati, na Bahasha akaona kitu kinafika machoni mwake polepole, kama mtu anayeamka. Alimtazama mwanamke wa koti. Akayatazama magoti ya Bahasha. – Mara ngapi? – aliuliza kwa kunong'ona.

– Kumi na moja. Na leo.

– Na mimi niliufuta.

– Ulifuta kwa sababu nilikuambia sawa. Kosa si lako. Kawaambie kamati kwamba kioo kimoja bado.

Akaitia karatasi ile kwenye bahasha ya kaki iliyokuwa imekunjwa kwapani, akaelekea langoni. Hatua tatu za kwanza alitembea kama kawaida yake. Hatua ya nne akaanza kuburuta mguu.

– Unaona! – Kapteni aliruka, amefurahi kupata tena jambo analolijua. – Yamemshika! Alikaa hapa mzima, kusimama tu yamemshika!

– Ni ule unyevu – Nusu Saa alisema. – Ukungu huingia kwenye maungio.

– Si ulisema ukungu ni dawa? – Bi Birika aliuliza.

– Kasema huyu, si mimi.

– Dawa ikizidi ni sumu – Kapteni alisema. – Mara ngapi nimemwambia apake mafuta?

Mchoraji hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya ndoo yake anamfuata kwa macho yule mzee kando ya uzio, hatua moja, pumzi mbili. Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Kwanza ulionekana mnara, kisha mkia mmoja wa ndege, kisha mkia wa pili, na mbali kule walikuwa wanawasha injini ya gari la ngazi. Akachukua penseli, na kwenye ile picha ya kioo cha mwisho, chini ya NIKO TAYARI, akachora mraba wa ukubwa uleule. Ndani yake hakuandika kitu.

– Hapo pataandikwa nini? – Nusu Saa aliuliza, akichungulia.

– Bado sijui.

– Andika *karibu tena*.

Bi Birika akalipindua birika. Yakatoka matone matatu, la nne likaning'inia mdomoni na kukataa kudondoka.

– Kahawa imekwisha – alitangaza. – Nendeni makazini.

Lakini Kapteni alikuwa anamtazama mgeni. Mwanamke alikuwa ameegemea nyuma kwenye kiti cha Bahasha, kikombe kitupu mapajani, kichwa kimelala upande. Alikuwa amejifunga mkanda. Kifua kilipanda na kushuka chini ya lile koti, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeshusha mzigo wa siku nyingi.

– He, abiria kalala! – Kapteni alisema. – Na ukungu ndiyo unaondoka. Mwamsheni, jamani, ndege itamwacha.

Mchoraji akauweka mkono wake juu ya mkono wa Kapteni, kabla haujamfikia.

– Mwache alale – alisema. – Ndege yake inasubiri karatasi.